Steyr, mji uliochonga mafuriko ukutani

Steyr, Jumapili usiku

Leo asubuhi nilisimama muda mrefu mbele ya ukuta mmoja karibu na ukingo wa mto Enns, nikisoma mistari iliyochongwa juu yake. Kila mstari una mwaka wake, na kila mwaka ni mwaka wa mafuriko. Ule wa Agosti 2002 ulinifika kifuani. Niliweka kiganja juu ya jiwe, pale pale maji yalipoishia, nikausikia ubaridi wa ukuta ambao jua lilikuwa bado halijaufikia. Mama mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa wake alisimama, akanitazama, kisha akanyoosha kidole kuelekea dirisha la nyumba ya jirani na kutamka neno moja la Kijerumani ambalo hata mimi nalifahamu: Wasser, yaani maji. Alitikisa kichwa, akaendelea na safari yake.

Nimekulia Utete, kando ya Rufiji, na kwetu mafuriko hayaandikwi ukutani. Bibi yangu alikuwa akihesabu umri wa watu kwa maji: huyu alizaliwa mwaka ule mto ulipobeba madungu yote ya bondeni, yule alizaliwa mwaka uliofuata, mpunga ulipokubali hadi watu wakakosa pa kuuweka. Bibi alipofariki dunia aliondoka na kalenda yake, na miongoni mwetu sisi wajukuu hakuna anayeweza kuipanga upya. Kwa hiyo naandika haya nikiwa na wivu wa aina fulani, wivu usio na ubaya, kwa mji huu mdogo wa Austria wenye watu wasiofika elfu arobaini ambao umeamua kwamba kile mto ulichowatenda kisiachwe vinywani mwa wazee peke yao.

Nieleze kwanza njia, kwa kuwa mwenyewe niliitafuta kwa shida. Steyr uko katika jimbo la Austria ya Juu, kusini ya Linz, na hauna uwanja wa ndege wa abiria. Atokaye Afrika Mashariki, akiwa na viza ya Schengen ambayo inafaa kuombwa mapema kwa kuwa maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, huruka hadi Vienna kwa kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, kisha hupanda treni inayoelekea magharibi upande wa Linz. Mahali pa kushuka ni St. Valentin, stesheni ndogo ambayo mgeni anaweza kuipita bila kuitambua. Hapo hubadilisha treni na kupanda ile ya mkoa inayokwenda kusini, na baada ya dakika kama ishirini amefika. Safari nzima kutoka Vienna ni takriban saa mbili. Aliyeko Linz hana haja ya kubadilisha, maana ipo treni ya moja kwa moja inayotumia chini ya saa moja. Tiketi ya masafa marefu ikinunuliwa wiki kadhaa kabla huwa na bei nafuu kuliko ile inayonunuliwa dirishani siku ya safari, jambo ambalo mimi nililijua nikiwa tayari nimeshalipa.

Ushauri wangu ni huu: ukishuka stesheni usipande basi. Stesheni iko ng'ambo ya mashariki ya mto, na mji wa kale uko magharibi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Unateremka barabara ya kawaida yenye maduka ya kawaida, huoni chochote cha kukushtua, halafu ghafla unajikuta juu ya daraja, na mji wote unasimama mbele yako: nyumba zenye rangi ya maziwa na ya haradali zimebanana ukingoni, minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli imeinuka upande wa kulia, na ngome ya Lamberg imekaa juu ya mwamba kama mzee wa baraza. Chini ya ngome hiyo ndipo mto Steyr unapoingia katika mto Enns. Wenyeji hupaita Zwischenbrücken, maana yake kati ya madaraja, kwa sababu ukivuka daraja la Enns unakanyaga nchi kavu hatua chache tu kabla ya kuvuka daraja la pili.

Nilipofika jana mvua ilikuwa imenyesha milimani, na mito hiyo miwili haikuwa na rangi moja. Mmoja ulikuja na tope jepesi, mwingine ukaja na ule ukijani wa chupa, na kwa umbali wa kutosha iliteremka ubavu kwa ubavu, mpaka ukionekana katikati kama mshono wa kanzu, kabla ya kukubaliana na kuwa maji mamoja. Kilombero na Luwegu nazo hukutana hivyo na kuzaa Rufiji, lakini pale zinapokutana hakuna mji wala daraja la mtu kusimama na kutazama. Hapa nilisimama hadi vidole vikafa ganzi.

Makutano hayo ndiyo chanzo cha mji. Kusini, katika milima ya Styria, kuna mlima Erzberg ambao chuma kimechimbwa humo kwa karne nyingi, na chuma hicho kiliteremshwa kwa mto Enns juu ya magogo yaliyofungwa pamoja na mashua bapa hadi hapa. Mwaka 1287 mtawala Albrecht aliupa mji hati ya haki zake, na mojawapo ya haki hizo ilikuwa kwamba chuma na mbao zinazopita lazima zishushwe na kuuziwa wenyeji kwa siku tatu kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari. Siku tatu tu, lakini ndizo zilizojenga kila nyumba unayoiona katika uwanja wa Stadtplatz. Wafanyabiashara walinunua kwanza, wahunzi wakafua visu, panga na misumari, bidhaa zikaenda mbali, na fedha zikarudi kuwa mapaa yaliyochongoka na nyua zenye varanda za matao. Nyumba inayopendwa kuliko zote huitwa Bummerlhaus, iliyopata sura yake ya sasa mnamo 1497; wanasema jina hilo lilitokana na simba wa dhahabu aliyewekwa kuwa alama ya nyumba, ambaye machoni pa watu alifanana zaidi na kijibwa kinene.

Mto uliolisha mji ndio huo huo uliouadhibu. Mafuriko ya 1572 yalibomoa sehemu ya ukingo pamoja na lango la mji, na lango lililojengwa baadaye linaitwa mpaka leo Neutor, Lango Jipya, ingawa limeshatimiza zaidi ya miaka mia nne.

Baada ya chakula cha mchana nilivuka daraja la pili kuelekea Wehrgraben, na kama msomaji ana nusu siku tu katika mji huu, ningemwomba aitumie huko badala ya kukaa uwanjani. Ni mtaa wa mifereji. Maji ya mto Steyr yalichepushwa zamani yapite nyuma ya karakana, yazungushe magurudumu, na magurudumu yazungushe mawe ya kunolea na kuinua nyundo nzito za kufulia chuma. Hapa ndipo Josef Werndl alipoanzisha kiwanda cha bunduki mwaka 1864, kilichokuja kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya silaha barani Ulaya. Katika maonyesho ya mwaka 1884 yeye huyo aliwasha taa za umeme uliotokana na maji haya haya, wakati ambapo miji mingi mikubwa bado ilitegemea gesi. Nilitembea nikisikiliza mfereji. Sauti yake haikuachi; ukipinda kona inapungua, ukifika kwenye lango la kuzuia maji inapanda tena kama mtu aliyekumbuka neno.

Viwanda vilipohama, mifereji ilionekana kuwa mzigo, na ulikuwepo mpango wa kuifukia. Wakazi waliupinga, na mnamo miaka ya 1980 mifereji ikanusurika. Mwaka 1987 jengo mojawapo la kiwanda likageuzwa kuwa Museum Arbeitswelt, jumba la makumbusho linalohusu kazi na watu wanaoifanya. Jambo hili lilinigusa kwa sababu jumba la makumbusho nililozoea kuliona huonyesha kiti cha mfalme na upanga wake, na ni nadra kukuonyesha aliyeufua upanga huo alilala wapi na alilipwa nini.

Lakini mji huu una mlango mwingine, nao uko hapo hapo kwenye makutano, chini ya mwamba wa ngome. Ni mlango wa handaki linaloitwa Stollen der Erinnerung, Handaki la Kumbukumbu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wafungwa wa kambi ya mateso ya Wanazi walilazimishwa kulichimba ili wakazi wajifiche humo mabomu yanapoanguka. Tangu 1942 mtaa wa Münichholz ulikuwa na tawi la kambi ya Mauthausen, na wafungwa wake, waliotoka mataifa mengi ya Ulaya, wakiwemo Wahispania waliokimbia nchi yao, walitumikishwa katika viwanda vya silaha hadi kambi ilipokombolewa mwezi Mei 1945. Mwaka 2013 handaki hilo lilifunguliwa kwa ajili ya maonyesho. Halifunguliwi kila siku, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kuja. Ndani ni baridi kali, ukuta unatoa jasho, na picha zimepangwa kufuata urefu wa handaki, kwa hiyo huwezi kuruka ukurasa. Lazima upite kwa kila mmoja wao. Nilipotoka niliuona tena ule uzuri wa nyumba za ng'ambo, na sikuona kwamba umepungua, ila nilifahamu kuwa waliochimba chini ya miguu yangu waliuona pia, kila siku, wakipelekwa kazini.

Nimebakiwa na nafasi ndogo ya yale mengine. Franz Schubert, mtunzi wa muziki wa Austria, alikuja hapa mara ya kwanza mwaka 1819, na mwenyeji mmoja mpenda muziki, Sylvester Paumgartner, ndiye aliyemwomba ile kwinteti, yaani muziki wa ala tano, ya samaki trauti ambayo dunia nzima inaifahamu. Majira ya joto ipo treni ya mvuke ya reli nyembamba, kumbukumbu ya mwaka 1889, inayofuata bonde la mto Steyr hadi Grünburg. Na jioni hii nilipanda hadi kitongoji cha Christkindl, ambako zaidi ya miaka mia tatu iliyopita mlinzi wa mnara aliyeugua kifafa aliweka sanamu ndogo ya nta ya Mtoto Yesu ndani ya pango la mti, akawa akienda kusali hapo hadi akaamini kuwa amepona. Kanisa lilijengwa kuuzunguka mti huo. Kila mwaka inapokaribia Krismasi, tangu 1950, hufunguliwa hapo posta maalumu, na barua hutoka zikiwa na muhuri wa kitongoji hiki kwenda kila upande wa dunia.

Kesho nitapanda treni ya asubuhi kurudi St. Valentin. Begi nimeshalifunga, isipokuwa daftari hili, na humo nimechora ule ukuta wa Enns pamoja na mistari yake yote, nikaandika miaka pembeni. Kisha nikampigia simu baba mdogo aliyeko Muhoro, ambako maji ya Rufiji yaliingia majumbani mwezi Aprili 2024. Baada ya kumwamkia na kuulizana hali za nyumbani, nilimwuliza kama ameshapaka rangi sebule. Akasema bado, anasubiri mavuno. Nikamwomba kwamba siku atakayopaka, kwanza apige msumari ukutani pale doa la maji lilipoishia, na fundi asiung'oe. Alinyamaza kidogo, nikasikia kiti kikisogezwa, halafu akaniambia kuwa doa lipo nyuma ya kabati la vyombo, kwamba limempita kiunoni, na kwamba msumari anao.