Siku moja na vyuma vya moyo, Wete, Pemba

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kutawadha nachungulia kompyuta. Hesabu niliyoiacha ikiendelea usiku kucha imekwama asilimia 61. Stenti, yaani fremu ya chuma inayobeba vali (kilango cha moyo), ilikuwa ikibanwa kwenye skrini kutoka upana wa milimita 26 hadi 6, ili iweze kupitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni. Fito mbili za fremu zimepitana kama kivuli, kitu ambacho chuma halisi hakifanyi, na programu ikakataa kuendelea. Nimesahau kuiambia kuwa fito hizo zinagusana. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mimi niko wa pili wa uzamili.

Saa 2. Baba yuko barazani anasuka dema, mtego wake wa samaki. Kila ufito wa mwanzi anaupinda kwenye goti kwanza, kisha anauachia. Ukirudi wenyewe anautia kazini. Ukibaki umepinda, unakwenda jikoni kwa mama. Nimekunywa chai na mihogo huku nikimtazama, mpaka akauliza kama leo sina shule.

Saa 4. Sasa kazi yenyewe. Nina vyuma vitatu: chuma cha pua, aloi (mchanganyiko wa metali) ya kobalti na kromiamu, na nitinoli, ambayo ni nikeli na titani. Alain Cribier alipomwekea binadamu vali ya kwanza ya namna hii mwaka 2002, mjini Rouen, Ufaransa, fremu ilikuwa ya chuma cha pua. Puto liliipanua, ikabaki ilipoachwa. Kobalti hufanya kazi vivyo hivyo, ila ina nguvu zaidi, hivyo fito zake zinaweza kuwa nyembamba. Nitinoli haihitaji puto. Unaweza kuivuta mpaka irefuke kwa asilimia 8 hivi na ikarudi, wakati chuma cha pua hakivumilii hata asilimia 1 bila kupinda moja kwa moja. Ikitolewa kwenye mrija uliyoibeba ndani ya mwili, kwenye nyuzijoto 37, hufunguka yenyewe na kuendelea kusukuma ukuta taratibu.

Kwa baba, chuma cha pua na kobalti vingeishia jikoni.

Saa 7. Umeme umekatika. Betri ilikuwa na dakika tano, na mimi nikazitumia kulalamika badala ya kuhifadhi faili. Nje karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, harufu yake imejaa chumbani. Nimeswali, nimekula, nimelala kidogo.

Saa 9 na nusu. Umeme umerudi, mwalimu wangu anapiga simu. Namwonyesha kwa furaha jinsi kobalti inavyoshika vizuri. Ananyamaza, kisha: "Inashika nini?" Mfano wangu wa vali ni wa mzee, vali iliyojaa chokaa, na chokaa hiyo ndiyo inayoishikilia fremu. Lakini wagonjwa wengi wa vali huku kwetu ni vijana. Walianza na maumivu ya koo yasiyotibiwa, ikaja homa ya baridi yabisi, vali ikawa nene na kugandana. Mara nyingi chokaa hamna. Fremu inaweza kuteleza.

Na kijana ana miaka mingi ya kuishi. Moyo ukipiga mara 72 kwa dakika, ni mapigo milioni 38 hivi kwa mwaka. Majaribio ya maabara ya vali hizi kwa kawaida hufika mizunguko milioni 200, yaani miaka 5 na kidogo. Kwa miaka 40 unazungumzia bilioni moja na nusu. Nilipoweka vali laini, fremu ya kobalti iliteleza milimita 3 kwenye skrini. Ya nitinoli ilishika, lakini kwenye kona za fito rangi nyekundu, yaani pale chuma kinapochoka, ikazidi. Sijafurahi na hata moja.

Saa 12 jioni. Nimemsimulia baba, huku nikimshikia mwanzi.

"Na kutu je?" akauliza. Dema la waya alilonunua mwaka juzi lilikwisha kwa kutu, si kwa samaki.

Damu nayo ina chumvi. Nitinoli hujifunika utando mwembamba wa oksidi ya titani, lakini usipong'arishwa vizuri, nikeli huvuja. Kwenye mfano wangu wote hakuna mstari hata mmoja wa kutu.

Saa 4 usiku. Nimebonyeza kitufe cha kuanza. Safari hii fito zinagusana, na faili nimehifadhi mara mbili.