Kumbukumbu ya mradi: kiraka cha shingo ya gobore kimeshika, mara ya nne

Kimeshika. Risasi 20 zimepita, kila moja na greni 60 za baruti nyeusi (kama gramu 3.9), na ukingo wa kiraka hauna hata ufa wa unywele ukiumulika kwa tochi kutoka ubavuni. Mara tatu zilizotangulia kiling'oka, na kila mara kwa sababu tofauti. Ndiyo maana naandika.

Gobore lenyewe ni la fataki, kalibri .50, kitako cha mjozi, mtutu umeshikwa kwa pini. Mbao ilibanduka nyuma tu ya mkia wa kizibo (chuma kinachoziba nyuma ya mtutu), pale ulimi wake unapoishia juu ya shingo, sehemu nyembamba ya kushikia, upande wa mtambo wa kufyatulia. Urefu mm 22, upana mm 9, kina mm 4 penye kina zaidi. Kukagua mtutu kwa mdeki (ufito wa kushindilia), kutoa mtambo na kuchomoa pini sitaeleza hapa. Ila pini zichomeke kwenye kipande cha katoni kwa mpangilio uleule, kila moja na upande wake, maana hazibadilishani mahali hata zikionekana sawa.

Jaribio la kwanza lilitumia gundi nyeupe ya seremala na kipande kilekile kilichobanduka. Kilitoka kwa ukucha siku ya pili. Jaribio la pili, epoksi ya dakika tano, kilitoka kizima kwa risasi ya tatu. Hapo kuna jambo la kutazama kwa makini: tumbo la ile gundi lilikuwa laini na linang'aa kama kioo, lina rangi ya kahawia, halina hata uzi mmoja wa mbao. Gundi ilikuwa imekauka vizuri, lakini haikuwahi kuugusa mti. Iligusa mafuta.

Magobore ya pini huugua hivi sana. Mtutu hautolewi kila unaposafishwa, kwa hiyo mafuta na maji machafu ya baruti hupenya kwenye chuchu ya fataki (kitundu kinachopitisha moto wa fataki) na kushuka nyuma ya kizibo. Bunduki ikisimamishwa mdomo juu, yanakusanyika palepale kwenye mkia. Mbao ya hapo ilikuwa nyeusi, na ukiikwangua ilitoka kama nta badala ya vumbi.

Dawa ni unga wa chaki na asetoni. Chaki, si chokaa: chokaa ni kali na huuchafua mjozi kwa madoa. Koroga hadi uwe uji mzito, paka unene wa mm 3, acha ukauke uwe unga tena, kisha upanguse kwa brashi kavu. Asetoni huyeyusha mafuta, na inaporuka huyavuta juu yakanaswa na chaki. Mipako ya kwanza ilitoka na rangi ya chai, ikafifia kidogo kidogo, na wa tisa ulibaki mweupe. Kati ya mpako na mpako nilipasha mbao kwa mashine ya hewa moto, kiasi ambacho kiganja bado kinavumilia, na mafuta yakachomoza juu kama jasho. Asetoni iwe imeruka yote kabla ya kuwasha kitu chochote cha moto, na dirisha liwe wazi. Kipimo cha mwisho ni tone la maji: mbao yenye mafuta hulibeba kama jani la mgomba, mbao safi hulinywa.

Baada ya hapo epoksi ya saa 24, kipande kilekile. Nilikuwa na hakika kabisa. Risasi ya 12, ukingo wa nyuma ukainuka unene wa karatasi. Hilo liliniuma kuliko yote. Lakini safari hii nyuzi za mbao zilikuwa zimechanika pande zote mbili za gundi. Maana yake gundi ilishika na mbao ndiyo iliyoshindwa, na mbao haichaniki bila kitu cha kuichana.

Nikaacha gundi nikageukia chuma. Masizi ya mshumaa nyuma ya mkia, na masizi kwenye uso wa nyuma wa mtutu. Rudisha mtutu kitandani, kaza skrubu ya mkia, gonga mdomoni kidogo kwa nyundo ya mpira kupitia kigogo cha mbao, toa tena. Ncha ya mkia iliacha alama nyeusi tii kwenye mbao. Uso wa mtutu haukuacha kitu. Vipande vya karatasi vilionyesha nafasi ya mm 0.4 baina yake na mbao. Basi teke lote la bunduki lilikuwa linapitia ulimi wenye upana wa mm 10 na ncha ya mviringo, unaopigiliwa kwa kufuata mkondo wa nyuzi. Hiyo ni kabari ya kupasulia kuni. Hakuna gundi ya kuzuia hilo.

Mpangilio wa marekebisho una maana yake. Kwanza mtutu upewe pa kuegemea: epoksi nzito nyuma ya uso wake, chuma kikiwa kimepakwa nta mara mbili, kila tundu limezibwa kwa udongo wa kufinyangia, mtutu unakaa mahali pake hadi kesho yake. Ndipo unyoe mbao nyuma ya mkia, mm 0.8 inatosha. Ukianza na kunyoa, mtutu utarudi nyuma tu hadi mkia uguse tena, na umepoteza mbao bure.

Kipande cha asili kilishaliwa kingo na majaribio matatu, hivyo kiraka kipya kilitoka kwenye mabaki ya mjozi. Rangi ilinganishwe mbao zote mbili zikiwa zimeloweshwa, kavu hudanganya. Umbo ni la mtumbwi, ncha zimechongoka pande zote mbili, kwa sababu mstari unaokata nyuzi kwa mkato wima huonekana hata ukiupaka nini. Kuta za shimo zielekee ndani kidogo, digrii tano hadi kumi, ili kiraka kikishuka kizidi kubana. Kulinganisha ni masizi tena: paka kiraka, bonyeza, toa, kwangua palipokuwa na weusi. Nilirudia kama mara 30.

Hapa wengi watapendekeza mashine ndogo ya kuzungusha. Mimi naikataa kwa kazi hii. Huviringisha kona za shimo na huunguza nyuzi. Patasi ya mm 6 iliyonolewa hadi inanyoa vinyweleo vya mkono, na kikwangulio cha kipande cha bapa la msumeno wa kukatia chuma, vimefanya kazi yote. Na kubana, tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe wa mm 20 inashinda klampu yoyote kwenye shingo ya mviringo. Usiivute kwa nguvu zote, epoksi ikikamuliwa ikaisha kiungo kinabaki kikavu. Kiraka kibaki juu ya uso kwa mm 1, kisawazishwe kwa tupa kisha kikwangulio. Gundi iliyofurika ikwanguliwe yote kabla ya rangi, kwa sababu epoksi hainywi rangi na itaacha utando mweupe kuzunguka kiraka.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mipako minne myembamba, saa 24 kati yake. Matambara ya kupakia yatandazwe nje au yazamishwe majini, yakikunjwa hupata joto yenyewe hadi kuwaka.

Mpango ulikuwa niendelee na kisigino cha kitako, ambacho nacho kimemeguka. Lakini nilipokuwa na mtutu nje, kitanda chote cha mtambo kilikuwa kitupu mbele yangu, mbao mbichi isiyopakwa kitu, ikinywa kila tone. Kwa hiyo siku tatu zimekwenda huko badala ya kisiginoni: chaki na asetoni kwenye kitanda chote, kisha vanishi ya shelaki nyembamba mipako mitatu, pamoja na mashimo ya skrubu na mfereji wa mdeki. Mpako wa kwanza ulizama wote kwa dakika moja. Wa tatu ulibaki juu.

Tangu juzi gobore linahifadhiwa mdomo chini, juu ya kitambaa. Kitambaa leo asubuhi kina doa la mafuta lenye upana wa sarafu. Kisigino bado kimemeguka.