Githeri Iliyokataa Kuiva

Kazi ya kununua chakula niliachiwa mimi. Tulikuwa wanne, wote wakazi wa Nairobi, na safari ilikuwa ya siku nne: kuingia Mlima Kenya kwa lango la Sirimon, kupita nyanda za juu hadi Kambi ya Shipton, kufika kilele cha Lenana, kisha kurudi kwa njia ile ile. Ilikuwa Februari 2017, kiangazi kabla ya masika, miezi ambayo njia huwa kavu na usiku mbingu huwa wazi. Nilikwenda soko la Muthurwa nikanunua mahindi makavu kilo mbili na maharagwe mekundu kilo moja. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: chakula kikavu hakiozi, kinashibisha, na githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, hakuna asiyeijua. Gesi nilichukua mitungi miwili midogo, ya gramu 230 kila mmoja. Nikaona imetosha na kubaki.

Jambo ambalo sikulipigia hesabu ni kwamba maji hayachemki kwa joto lile lile kila mahali. Ukipanda, hewa inapungua uzito, na maji yanaanza kutokota mapema. Kwa makadirio ya haraka, kila mita 300 unazopanda zinapunguza digrii moja. Nairobi iko karibu mita 1,700, kwa hiyo hata jikoni kwetu maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Old Moses, kituo cha kwanza cha kulala, iko mita 3,300: digrii 89. Shipton iko mita 4,200: digrii 86. Ukiongeza moto hupati chochote. Maji yatatokota kwa fujo zaidi na mvuke utakuwa mwingi, lakini joto halitapanda hata kidogo. Gesi ndiyo itakayoisha.

Usiku wa kwanza haukutuonya. Tulikula chapati na mchuzi wa nyama uliopikwa nyumbani, tukaupasha tu, tukalala. Kesho yake tulitoka Old Moses saa moja asubuhi. Kutoka hapo hadi Shipton ni kilomita 14, na watu wengi hutumia saa sita hadi nane. Unavuka Ontulili, kijito ambacho kiangazi unakiruka kwa mawe, kisha Liki Kaskazini, halafu unapanda ukingo mrefu unaokuteremsha katika bonde la Mackinder. Nyasi huko juu hukua kwa vichuguu, na baina ya kichuguu na kichuguu kuna tope jeusi. Mguu ukikosea unazama hadi kifundoni, na kiatu kikilowa asubuhi hakikauki mpaka kesho. Mti-kabichi mkubwa, ule wenye shina kama nguzo iliyovikwa majani makavu, hufunga majani yake usiku ili kitovu kisigande. Mzee aliyekuwa akituongoza, mtu wa Nanyuki, alitembea mbele kwa mwendo ambao Nairobi ungeudharau. Kipimo chake kilikuwa kimoja: ukishindwa kuongea sentensi nzima bila kuhema, umekwenda mbio.

Tulifika Shipton saa kumi jioni. Saa kumi na moja nikatia motoni nusu ya githeri, mahindi kilo moja na maharagwe nusu kilo, kwenye sufuria ya lita tano. Sikuwa nimeiloweka. Mzee alichungulia sufuria, akauliza, "Kijana, hii imechemshwa nyumbani?" Nikamwambia hapana. Akanyamaza kidogo. "Basi pika ugali. Hiyo haitaiva leo."

Ugali unaiva kule kwa sababu wanga wa mahindi uliosagwa hufura na kushikana kwenye digrii 70 hivi. Wali unawezekana, ila kiini cha punje hubaki kigumu usipoongeza muda na maji. Maharagwe mazima ni habari nyingine: kinachotakiwa kulainika ni gundi inayoshikilia chembe zake, na kazi hiyo hupungua kasi sana kila joto linaposhuka digrii chache. Wapishi wanaojua mlima hubeba sufuria ya presha, au hubeba maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa. Sisi hatukuwa na unga hata kikombe.

Kabla ya saa moja usiku mtungi wa kwanza ulikuwa umekwisha. Wa pili ulianza vizuri, kisha moto ukafifia na kuwa wa bluu hafifu huku ndani bado kuna gesi. Hilo nalo lina sababu. Gesi inapotoka hupoza mtungi wenyewe, ukaanza kufanya umande wa barafu nje, na butani, gesi iliyomo mtunginini, ikipoa sana haitaki tena kugeuka kuwa hewa. Dawa yake ni kuuweka mtungi ndani ya koti kabla ya kupika, na usiku ulale nao. Saa mbili na nusu tukapakua. Mahindi yalitafunika kama njugu. Maharagwe yalikuwa laini nje, ndani yana unga mkavu unaogusa meno. Watatu tulikula vijiko vichache tukaacha. Wa nne, aliyekuwa na njaa kweli, alimaliza sahani, akaongeza.

Saa tano usiku akaanza kutapika.

Hapo ndipo kosa la jikoni lilipogeuka kuwa jambo la mlima. Maharagwe mekundu mabichi au mabichi-nusu yana sumu ambayo huvunjwa na mchemko mkali tu. Ikibaki, mtu hutapika kati ya saa moja na tatu baada ya kula. Lakini kutapika ni dalili pia ya ugonjwa wa mwinuko, na tulikuwa tumepanda mita 900 kwa siku moja, kupita kiasi kinachoshauriwa ukishavuka mita 3,000. Mzee alimuuliza kama kichwa kinauma. Hapana. Akamtembeza ukumbini, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi kwenda na kumi kurudi, bila kushikilia ukuta. Akatembea sawasawa. Angeyumba, angeshushwa usiku ule ule, kwa tochi, kwani kuyumba kunamaanisha ubongo unavimba.

Kufikia saa nane alikuwa ametapika mara nne. Alisema yuko tayari kupanda. Mzee akakataa. "Sijui kama ni maharagwe au ni mlima," alisema. "Kushuka kunatibu mlima, na maharagwe hakutayadhuru." Akamwachia msaidizi wake amwangalie kila saa, na kukipambazuka wamteremshe Old Moses. Maji ya kunywa ya moto mzee ndiye aliyetupatia, kutoka jiko lake la mafuta ya taa, kwani gesi yetu haikuweza kuchemsha hata lita moja.

Watatu tuliobaki tuliondoka saa tisa usiku. Watu hudhani safari ya usiku ni kwa ajili ya kuwahi jua tu. Kokoto za mteremko ule zikiwa zimegandishwa na baridi hukaa mahali pake. Jua likizipiga, kila hatua mbili unarudi moja. Kutoka Shipton hadi Lenana ni mita 785 za kupanda. Chupa zetu tulizigeuza kichwa chini, maana barafu huanzia juu na kuziba mdomo. Karibu na kilele kuna vipandio vya chuma vilivyopigiliwa mwambani, na glavu za sufu zilizolowa hunata kwenye chuma kile.

Tulifika kabla tu ya saa moja asubuhi, mita 4,985. Hapa ndipo mpanda mlima Kisoi Munyao alipoipandisha bendera ya Kenya nchi ilipopata uhuru Desemba 1963. Batian na Nelion, vilele viwili virefu kuliko hiki, vilikuwa mbele yetu, vyekundu upande wa mashariki. Tulikaa dakika kumi na tano. Kwa kifungua kinywa kila mmoja alikuwa na biskuti nne.

Nusu ya githeri iliyobaki, kilo moja na nusu kavu, nilirudi nayo Nairobi. Iliyopikwa tuliishusha ndani ya mfuko wa taka, na ikiwa imelowa ilikuwa nzito kuliko tulivyoipandisha. Jumamosi iliyofuata niliiloweka ile kavu usiku kucha, nikamwaga maji yale, nikaitia kwenye jiko la makaa saa mbili asubuhi. Saa nne na nusu ilikuwa laini. Niliwaita wote watatu. Yule wa sahani mbili alikuja pia, akakaa, akaomba apakuliwe mahindi matupu.