Punje za Bibi wa Poltava

Juzi mjukuu wangu alileta mkate mweusi, akasoma karatasi yake, akaniuliza: "Babu, rai ndiyo nini?" Nilichukua kipande nikakinusa. Uchachu ule ukanirudisha Julai 1983, mwaka wangu wa pili wa masomo Kyiv, Ukraine.

Tulikuwa tumepelekwa kwenye kolkhozi, shamba la ushirika mkoani Poltava, kusaidia mavuno. Jua, vumbi, mashine za kuvunia kutwa kucha, hayo nimeshayasimulia. Leo namtaka yule bibi.

Alikuwa na kishamba chake nyuma ya nyumba, akikata kwa mundu. Nikamwamkia kwa Kirusi cha darasani, nikamuuliza ile nafaka yaitwaje. Hakujibu upesi. Alichuma suke moja, akalifikicha viganjani, akapuliza makapi taratibu, kisha akashika mkono wangu na kunimiminia punje. Nyembamba, ndefu kidogo kuliko za ngano, za kijivu chenye ukijani. Zilikuwa na joto la jua na la mikono yake. "Zhyto," akasema kwa Kiukreni, yaani rai, nafaka ya mkate ule mweusi. Akanigusa kifua kwa kidole: "Zhyty." Kuishi. Akarudia yote mawili, polepole, mpaka nikaitamka ile "zh" ambayo Kiswahili hakina.

Niliporudi bwenini nikamuuliza Mpolandi niliyelala naye chumba kimoja. Kwao pia żyto ni rai. Mserbia wa chumba cha pili akakataa katakata: kwao žito ni ngano, au nafaka yoyote ile. Mwalimu wetu akatuambia kwamba kaskazini mwa Urusi, kwenye baridi kali, wakulima huita hivyo shayiri. Wote walikuwa sahihi. Neno ni la Waslavi wa kale, limetokana na kitenzi cha kuishi, na kila watu wakaipa jina hilo nafaka iliyowafikisha mwaka wa pili. Nikamkumbuka mama kule Bukoba: ule wali, ule viazi, kama hujala ndizi basi hujala.

Punje zile nilizifunga kwenye leso, nikarudi nazo nyumbani. Wadudu wakazimaliza. Tangu vita vya 2022 nakiwaza sana kijiji kile, na kishamba cha nyuma ya nyumba.

Mjukuu alikuwa bado ananitazama. "Ni aina ya ngano, Babu?"

Nilikaribia kusema ndiyo. Badala yake nikamwambia afungue kiganja, akakifungua, nami sikuwa na punje ya kumwekea.