Saburi ya Tundu Moja

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Neno letu wiki hii ni Yakobo 1:4: “Saburi na iwe na kazi kamilifu.” Tulitafakari tukiwa na anayejijengea ndege nyumbani, mfano RV-7, ndege ndogo ya kampuni ya Van's Aircraft kule Marekani. Kwa kawaida kazi hiyo hula saa 1,500 hadi 2,000, yaani jioni na Jumamosi za miaka. Mkia hutangulia, yafuate mabawa, kisha bodi. Injini huja mwishoni.

Urefu huo huogopwa na wengi, lakini saburi hupimwa kwenye tundu moja la ribiti, yaani kipande cha chuma kinachogongwa ili kushikanisha mabati. Tundu hutobolewa, makali yake huondolewa pande zote mbili, bati hubonyezwa ili kichwa cha ribiti kilale sawasawa nalo. Makali yakiachwa, mtikisiko hupata pa kuanzishia ufa, nao utatokea baada ya safari nyingi, ndani ya bawa lililokwisha fungwa.

Ribiti ikishagongwa vyema, upande uliobondwa huwa na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo cha mwili wa ribiti, na kimo cha nusu ya kipenyo hicho. Ikitoka na kasoro, mkono huwasha kuitoa. Ngoja, pima kwanza! Kuitoboa kwa pupa hupanua tundu, na ribiti mpya ikashika vibaya kuliko ile ya awali. Yenye upungufu mdogo mara nyingi ni heri kuiacha. Pupa ya kutaka ukamilifu nayo ni kukosa saburi, na waumini wenye bidii hunaswa hapo kuliko wavivu.

Kwenye tangi la mafuta ndiko wengi hulia. Gundi ya kuzibia huchanganywa kwa uzito, sehemu 10 kwa 1, juu ya bati lililokwaruzwa na kufutwa safi. Hata mafuta ya kidole huizuia kushika. Ikishakauka, ili kuona kama linavuja, tangi hutiwa hewa kidogo sana, puto likafungwa kwenye mrija mmojawapo. Puto likinywea usiku, usikate tamaa upesi, kwani baridi nayo hulinywesha. Paka povu la sabuni kwenye kila mstari wa ribiti na pembeni mwa vifuniko, utazame mapovu yanapochemka.

Bwana, wiki hii uwakumbuke wanaofungua tangi walilokwisha kulifunga. Uwape macho ya kuliona tundu linalovuja, na usiku wa kulala kabla ya kulishika tena. Amina.