Nimesahihishwa Kiswahili Harlem

Desemba 27

Leo nimesahihishwa Kiswahili na mzee wa Harlem, New York, na alikuwa sahihi.

Nilikuwa soko la Malcolm Shabazz, mtaa wa 116, nikipekua vitenge. Ndiko walikohamia wachuuzi walioondolewa 125th Street mwaka 1994. Wengi wanatoka Afrika Magharibi, na Wasenegali wameujaza mtaa huu hata ukaitwa Little Senegal. Mama mwenye kibanda alikuwa kwenye simu, Kiwolofu kinammiminika. Nikaomba anipunguzie, akashusha dola tano bila kukata simu. Mpaka sasa sijui kama nilipata au nilipigwa.

Hapo mzee mmoja Mmarekani Mweusi, mshumaa mwekundu mkononi, akanigeukia: “Habari gani?”

Moyo ukaniruka. “Nzuri! Shikamoo mzee!”

Akacheka, akatikisa kichwa. Leo, akasema, jibu ni “Kujichagulia.”

Kumbe ni Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi. Tangu mwanaharakati Maulana Karenga alipoianzisha mwaka 1966, siku saba kuanzia Desemba 26 kila moja ina neno lake la Kiswahili, na “Habari gani?” hujibiwa kwa neno la siku. Jana umoja, leo kujichagulia, keshokutwa ujamaa (huyo tunamjua).

Mimi mtu wa Tanga neno kujichagulia nimelizoea mnadani, juu ya rundo la mitumba: “Jichagulie mama, buku buku!” Kwa mzee huyu ni haki ya kujiita jina unalolitaka, baada ya mababu zake kuitwa majina ya waliowanunua. Nilimwitikia tena, safari hii kwa jibu lake.

Njaa ikanipeleka Lenox Avenue. Mgahawa wa Sylvia's, uliofunguliwa 1962, ulikuwa imejaa hadi mlangoni, nikaingia kimgahawa cha jirani. Sahani ikaja na kunde, mkate wa mahindi, na majani wanayoyaita collard, ambayo kwetu ni sukuma wiki tu, yamechemshwa hadi yakalegea pamoja na nyama ya bata mzinga ya moshi. (Niliuliza mara mbili kama kuna nguruwe.) Nyumbani sukuma ni mboga ya mwisho wa mwezi, humwekei mgeni. Hapa watu wamevaa suti wanaifuata. Kunde nazo ni zetu, zilivuka Atlantiki enzi za utumwa. Zilipungukiwa nazi tu.

Kabla ya treni nikapita Schomburg Center, maktaba ya historia ya watu Weusi. Majivu ya mshairi Langston Hughes yamezikwa chini ya sakafu ya ukumbi, na juu yake pamechorwa duara lenye mito inayotiririka. Watoto wawili walikuwa wakirukaruka humo. Mimi nimelelewa kutokanyaga kaburi, nikazunguka pembeni, kitenge kwapani.

Usiku huu nimempigia mama, huko kumeshakucha. Baada ya shikamoo akauliza, “Habari gani huko?”

“Kujichagulia.”

“Umechagua nini tena?”

Nikamwambia kitenge. Akataka kujua bei.