Kuchora kwa Msimu wa Upepo Kaskazini mwa Pemba

Anayechora katika rasi ya Kigomasha, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Pemba, hana budi kujua upepo unatoka wapi kabla ya kuamua achore nini. Rasi yenyewe ni nyembamba, na pande zake mbili hazifanani. Vumawimbi, upande wa mashariki, hupigwa na upepo wa kusi unaoshika nguvu mwezi wa Juni na Julai, ilhali Verani, upande wa magharibi, hukingwa na nchi kavu na miti yake, na maji ya huko huweza kuwa shwari siku ile ile ambayo Vumawimbi mchanga unaruka hadi machoni.

Mimi huenda Vumawimbi. Naamini kwa dhati kwamba picha ya kisiwa iliyochorwa mahali palipojificha hukosa jambo la msingi, kwa sababu karibu kila kinachoonekana pale kimeundwa na upepo na maji: mivinje imelalia upande mmoja, miamba ya matumbawe imeliwa chini ikabaki kama uyoga, na matuta ya mchanga hubadili sura msimu hata msimu. Nikisimama katika upepo huo huo mkono huenda haraka, mistari huwa mirefu na michache, nami huacha mambo madogo madogo ambayo jicho lenyewe haliyashiki.

Kitu ninachopenda kuchora juu yake kuliko vyote ni tanga kuukuu. Siku hizi vyombo vingi hutumia matanga ya plastiki, lakini ya pamba bado hupatikana kwa wavuvi, nayo huja na viraka, mishono ya pande za kitambaa na weupe uliofifishwa na jua. Sifichi mishono hiyo. Mara nyingi mshono mmoja ndio huwa upeo wa bahari katika picha. Kabla ya kupaka chochote, kitambaa hakina budi kuoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tena na tena, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu wa hewani na rangi iliyopakwa juu yake huweza kubanduka. Baada ya hapo hukaushwa, hupakwa gundi nyembamba, kisha hutandazwa.

Majira nayo yana amri yake. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, rangi ya maji hukauka upesi mno, kwa hiyo mimi hufanya kazi alfajiri na kwa vipande vidogo. Masika yakiingia, karatasi hukaa na unyevu kutwa nzima, rangi hutambaa na kuchanganyika zenyewe, na mawingu ya masika sijapata kuyachora vizuri kwa njia nyingine yoyote. Kazi za wakati huo siziwekei kioo mapema, maana unyevu ukinaswa ndani huleta kuvu.

Ninapotafuta mwenza katika jambo hili humkumbuka Joan Eardley (1921–1963), aliyechora bahari katika kijiji cha Catterline, pwani ya mashariki ya Uskoti. Alichora nje hata wakati wa dhoruba, mbao zake zikizuiwa kwa kamba na mawe, na katika baadhi ya kazi zake mchanga na nyasi vimenasa ndani ya rangi. Bahari yake ni ya baridi na ya kijivu, mbali kabisa na yetu, lakini ule ukaribu na hali ya hewa naufahamu.

Msimu huu wa kusi nimeanza kufunga vipande vya mkaa kwenye ncha za matawi ya mvinje na kuweka karatasi chini yake, ili mti wenyewe uchore. Umande, yaani upepo mwanana wa asubuhi utokao nchi kavu, huacha alama fupi zilizosongamana. Kusi ya mchana huchora matao mapana, na pengine huichana karatasi. Zilizochanika naziweka pamoja na nyingine, na nyuma ya kila moja naandika mwezi, upepo uliovuma, na kama maji yalikuwa ya bamvua, yajaayo na kupwa sana, au maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana.